Aprili Mjini Durban: Jedwali la Mvua na Picha za Mafuriko, Kipi cha Kuamini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Mombasa. Nimepata nafasi ya mafunzo ya mwezi mmoja mjini Durban, Afrika Kusini, tangu tarehe 1 hadi 30 Aprili, na nataka kwenda na binti yangu wa miaka sita, ambaye ana pumu. Wenzangu wananiambia Durban ni kama Mombasa tu, joto na bahari, ila kwao Aprili si masika bali ni mwanzo wa kiangazi. Nami nimeona picha za mafuriko ya Aprili 2022, nikaingiwa na hofu. Jedwali nililolisoma linasema Aprili hupata milimita 73 tu za mvua. Mkweli ni nani, jedwali au picha? Nimepewa vyumba viwili nichague: kimoja ni cha chini, bondeni karibu na mto, hatua chache kutoka chuoni, kingine kiko juu kilimani, ni ghali zaidi na mbali kidogo. Je, niende, niahirishe, au nimwache mtoto? Na je, tubebe sweta?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nikiyaweka maswali yako pamoja naona ndani yake hofu moja, kwamba huenda ukampeleka mtoto kwenye hatari huku jedwali likikuambia hakuna jambo. Nitakujibu kwanza kwa ufupi, kisha nikueleze sababu zangu. Jedwali linasema kweli, na picha zinasema kweli. Katika miaka mingi Aprili ya Durban ni mwezi mtulivu, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa miezi mizuri kuliko yote katika mji huo. Hatari yake, inapokuja, huja kwa siku moja au mbili, na siku hizo humezwa na wastani wa mwezi zisionekane tena. Kwa hiyo sikushauri uahirishe safari. Nakushauri ufikirie sana chumba utakacholala.

Tuanze na hilo la kwamba Durban ni kama Mombasa. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Durban iko karibu nyuzi thelathini. Mvua zetu za masika na vuli huletwa na ukanda ambao pepo za kaskazi na kusi hukutana, ukanda unaotupitia mara mbili kwa mwaka ukilifuata jua. Ukanda huo haufiki Durban. Kule mvua nyingi huja wakati wa joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, na ukavu huja pamoja na baridi, mwezi Juni na Julai. Wenzako wamepatia kusema kwamba Aprili si masika kule, lakini neno kiangazi litakupotosha, kwa sababu hapa kwetu kiangazi ni jua kali, na kule huo ni mwezi ambao joto linaaga. Kwa wastani mchana hufika nyuzi 26 hivi za Selsiasi na usiku hushuka hadi 17, ilhali Januari ni 28 mchana na 21 usiku, na Julai ni 23 na 11. Wewe umezoea usiku wa Aprili usioteremka sana chini ya nyuzi 23 au 24. Mchana wa Durban utauona wa kawaida. Usiku wake ndio utakaokushangaza.

Pengine utajiuliza inakuwaje mji ulio mbali hivyo na ikweta uwe na joto hata kidogo. Sababu ni mkondo wa bahari uitwao Agulhas, ambao hubeba maji ya vuguvugu kutoka upande wa Msumbiji na Madagaska na kuyapitisha karibu kabisa na pwani ya KwaZulu-Natal, jimbo ambalo Durban imo, yakielekea kusini magharibi. Mfano ninaopenda kuutoa ni wa mji wa Port Nolloth, ambao uko karibu latitudo ile ile lakini upande wa pili wa nchi, kwenye bahari ya Atlantiki. Huko hupita mkondo wa Benguela, wenye maji ya baridi, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Durban hupata takriban milimita 1,000. Nchi ni moja na latitudo karibu ni moja, ila bahari ni mbili tofauti. Uukumbuke mkondo huo, maana nitaurudia tutakapofika kwenye mafuriko.

Bahari hiyo hupata joto polepole na kulipoteza polepole, na ndiyo maana Februari na Machi hewa ya Durban huwa nzito, ya kumlowesha mtu jasho hata akiwa ameketi. Wengi hupima uzito huo kwa asilimia ya unyevu inayoonyeshwa kwenye simu, kisha wanashangaa kuona asilimia 85 asubuhi yenye ubaridi mzuri na asilimia 65 mchana usiovumilika. Asilimia hiyo hueleza tu hewa imejaa kiasi gani ikilinganishwa na mvuke inaoweza kuubeba kwa joto la wakati huo, na hewa ya joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kipimo kinachokuambia ukweli ni nyuzi za umande, yaani joto ambalo hewa ikipoezwa hadi hapo, mvuke wake huanza kuwa maji. Weka chupa ya maji ya baridi mezani. Ikitoka jasho papo hapo, matone yakaungana na kuacha duara la maji juu ya meza, hewa ya chumbani imebeba mvuke mwingi. Ikifunikwa na ukungu mwembamba tu unaokauka baada ya dakika chache, hewa ni nyepesi. Katika wiki ya kwanza ya Aprili chupa yako huenda ikaloweka meza. Kufikia wiki ya mwisho, siku nyingi hutaona zaidi ya ule ukungu.

Hapo ndipo wastani wa mwezi unapoanza kudanganya. Aprili huingia ikiwa bado ni mkia wa msimu wa joto, ikatoka ikiwa imeukaribia mlango wa baridi. Katikati yake upepo haukai upande mmoja, kama wasemavyo mabaharia wetu kuhusu tanga mbili, wakati kaskazi inapoondoka na kusi haijatulia. Mara nyingi utaona hali ya namna hii: upepo wa vuguvugu unavuma siku nzima kutoka kaskazini mashariki, bahari inachafuka, upeo wa macho unafifia. Usiku upepo unakufa. Asubuhi inayofuata, hewa kavu na ya moto inashuka kutoka nyanda za juu za bara. Wenyeji huuita upepo wa milimani, na hupata moto kwa sababu hewa inaposhuka hukandamizwa, na hewa iliyokandamizwa hupanda joto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi ukiitumia kwa nguvu. Halafu ghafla, pengine baada ya adhuhuri, wingu la chini linatokea kusini magharibi likiifuata pwani, mchanga wa ufukweni unaanza kurushwa, na joto linashuka nyuzi kadhaa kabla hujamaliza kukusanya vitu vyako. Jioni kunanyesha manyunyu. Haya yote ni ya kawaida. Pepo za milimani hutokea zaidi majira ya baridi na mwanzo wa majira ya machipuko, lakini Aprili nazo hugusa, na kwa mtoto mwenye pumu mabadiliko haya ya ghafla yana maana, kama nitakavyoeleza.

Sasa tuje kwenye mafuriko.

Juu sana angani, kilomita kadhaa kutoka tulipo, pepo za magharibi huvuma zikiizunguka sehemu ya kusini ya dunia kama mto mkubwa. Mto huo hupinda, na mara nyingine pindo lake hujikata, likabaki bwawa la hewa ya baridi linalojizungukia peke yake, limetengana na mkondo mkuu. Kwa kuwa halisukumwi tena na mkondo ule, huenda polepole, na linaweza kukaa siku mbili au tatu juu ya eneo moja. Katika Afrika Kusini mabwawa haya ya mgandamizo mdogo wa hewa hutokea kwa wingi hasa katika miezi ya mpito, ya kabla na baada ya baridi, na Aprili imo ndani yake. Hewa baridi ikiwa juu na hewa ya joto chini, ile ya chini hupanda kwa nguvu. Wakati huohuo, mara nyingi kunakuwa na mgandamizo mkubwa baharini kusini mwa nchi, na huo husukuma upepo kutoka baharini kuelekea pwani bila kukoma. Upepo huo umepita wapi? Juu ya ule mkondo wa Agulhas, ambao katika Aprili maji yake bado yana joto la nyuzi 24 au 25. Unafika ukiwa umesheheni mvuke, unakutana na ardhi inayopanda kutoka ufukweni hadi milima ya Drakensberg yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Na kwa kuwa bwawa la juu halisogei, na bahari haiachi kutoa mvuke, mvua hunyesha mahali palepale saa baada ya saa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 11 na 12 Aprili 2022. Baadhi ya vituo vya pwani vilipima zaidi ya milimita 300 ndani ya saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 300 juu ya paa la nyumba yenye mita za mraba 100 ni lita 30,000, na hilo ni paa moja tu kabla hujahesabu barabara, uwanja na kilima kilicho nyuma ya nyumba. Lilinganishe na jedwali lako: siku moja ilileta zaidi ya mara nne ya wastani wa mwezi mzima. Watu zaidi ya 430 walipoteza maisha. Miaka mitatu kabla, tarehe 22 na 23 Aprili 2019, mvua ya asili hiyohiyo iliua makumi ya watu katika eneo hilo, na mwishoni mwa Septemba 1987, katika ule mpito mwingine wa mwaka, mamia walifariki. Watafiti wa World Weather Attribution, kundi linalopima jinsi joto la dunia linavyobadilisha matukio makali ya hali ya hewa, walipoichunguza mvua ya 2022 walikadiria kwamba mvua ya kiasi hicho, ambayo zamani ingetarajiwa mara moja katika miaka 40, kwa joto la dunia la sasa inatarajiwa mara moja katika miaka 20.

Tafadhali usiisome hiyo mara moja kwa miaka 20 kana kwamba ni ahadi ya miaka 19 ya usalama. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa takriban asilimia tano, mwaka huu na mwaka ujao vilevile, hata kama jana tu imetokea. Asilimia tano si kubwa kiasi cha kukufanya uiache nafasi yako ya mafunzo. Lakini si ndogo kiasi cha kulala bondeni na mtoto wa miaka sita bila kuulizia habari za mto.

Kuhusu vyumba sitakuzungusha: chukua cha kilimani, hata kama itakulazimu kupunguza matumizi mengine. Durban imejengwa juu ya vilima na mabonde yaliyokatwa na mito mifupi, kama uMngeni, uMbilo, Palmiet na uMlazi. Mito mifupi hutoa onyo fupi. Mvua ikinyesha kwa nguvu usiku, maji yanaweza kufika mlangoni wakati watu wamelala. Makazi ya Quarry Road, yaliyo kando ya Palmiet, yaliathiriwa na mafuriko mwaka 2019 na tena 2022. Hata hivyo si kila kilima ni salama. Sehemu kubwa ya miinuko ya mji, ukiwamo ule wa Berea, imefunikwa na mchanga mwekundu wa kale, mabaki ya vilima vya mchanga wa pwani vya enzi zilizopita. Ukiwa mkavu mchanga huo unaonekana imara, lakini ukishiba maji hupoteza mshikamano na kuporomoka, hasa mahali ambapo mlima umechongwa wima ili nyumba ipate nafasi. Baadhi ya watu waliokufa 2022 hawakuchukuliwa na mto. Waliangukiwa na udongo na kuta.

Kwa hiyo mwombe mwenye nyumba akutumie picha za nyuma ya nyumba, si za sebuleni. Je, kuna ukuta wa udongo uliochongwa karibu na dirisha? Maji ya mvua ya barabarani yanapita wapi? Muulize waziwazi: mwaka 2019 na 2022 palitokea nini hapa? Mtu ambaye nyumba yake ilisalimika atakujibu bila kusita. Na siku utakayoingia, kabla ya kufungua mizigo, sogeza kabati kidogo kutoka ukutani uchungulie nyuma yake. Rangi iliyovimba, mstari wa kahawia sambamba na sakafu, au vidoadoa vyeusi vyenye harufu ya uvundo, vyote hukuambia maji yalifika hapo au unyevu haujawahi kutoka. Kwa kifua cha binti yako vidoadoa hivyo ni sababu ya kutosha ya kuomba chumba kingine siku hiyohiyo.

Ukishafika, fuata taarifa za mamlaka ya hali ya hewa ya Afrika Kusini. Tahadhari zao huwa na rangi, njano, chungwa na nyekundu, pamoja na nambari kutoka 1 hadi 10, na hupima madhara yanayotarajiwa, si wingi wa mvua peke yake. Wataalamu huweza kuliona bwawa la hewa baridi likijitenga siku tatu au zaidi kabla. Kilicho kigumu ni kutaja ni bonde gani litakalopata milimita 80 na lipi 300. Kwa hiyo usingoje uhakika. Njano ni ya kukufanya ufuatilie taarifa asubuhi na jioni. Chungwa ikitolewa kwa ajili ya mvua, usipange safari ya jioni, chaji simu, jaza maji ya kunywa, na mkoba wenye pasipoti na dawa za mtoto uwe karibu na kitanda. Nyekundu ikitolewa, kaa mahali pa juu, na usivuke maji yanayotembea barabarani, kwa miguu wala kwa gari, hata kama dereva anakuhakikishia kwamba anaijua njia.

Bahari nayo ina lake. Siku chache baada ya mvua kubwa maji ya pwani huwa ya kahawia na huchanganyika na maji taka, na baada ya 2022, mitambo ya kusafishia maji taka ilipoharibika, fukwe kadhaa zilifungwa kwa miezi. Mtoto asiogelee karibu na mdomo wa mto, wala katika maji yasiyoonyesha miguu yake, na muogelee tu penye waokoaji.

Kuhusu pumu mimi ni mtu wa hali ya hewa, si daktari, na hapa nataka uende kwa daktari anayemjua binti yako, ukiwa na mtoto mwenyewe, wiki tatu au nne kabla ya safari. Mweleze kwamba mnakwenda mahali ambapo usiku ni nyuzi 17 au chini yake, ambapo huvuma siku za upepo mkavu, na ambapo joto huweza kushuka ghafla kwa alasiri moja. Hizo ni hali ambazo huwasumbua baadhi ya wagonjwa wa pumu, na yeye ndiye ajuaye kama mtoto huyu ni mmoja wao. Muombe mpango wa matibabu ulioandikwa na dawa za kuvuta za kutosha mwezi mzima na akiba juu yake. Mkiwa kule, mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu ikavutwa ndani anapohema, au dawa yake ya kumtuliza isipomsaidia, mpeleke hospitali mara moja. Kwa simu ya mkononi nambari ya dharura ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 10177. Jambo lingine moja ambalo wasafiri wa kwetu husahau: Durban yenyewe si eneo la malaria, kwa hiyo mmoja wenu akipata homa, mwambie daktari tangu mwanzo kwamba mmetoka Mombasa, la sivyo huenda asiwazie kupima. Kama mmekanyaga maji ya mafuriko, mwambie hilo pia.

Ungeniuliza kama kuahirisha hadi Mei kungesaidia, ningesema kunasaidia kidogo tu. Wastani wa mvua hushuka, lakini mabwawa ya hewa baridi bado hutokea, na usiku unazidi kuwa baridi. Juni na Julai ndiyo miezi mikavu kabisa, ila ndiyo yenye baridi ya alfajiri na pepo za milimani za mara kwa mara, ambazo kwa kifua cha mtoto huenda zikawa mbaya kuliko mvua. Ningerudi nyuma na kumwacha mtoto nyumbani katika hali mbili tu: pumu yake ikiwa haijatulia katika wiki za kabla ya safari kwa maoni ya daktari, au chumba cha kilimani kikishindikana ikabaki kile cha bondeni.

Na sweta, ndiyo, bebeni. Kila mmoja moja nzito na moja nyepesi, na kwa mtoto ongeza koti la mvua linaloziba upepo. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na mchana unafupika upesi: tarehe 1 Aprili jua huzama saa kumi na mbili jioni kasoro dakika chache, lakini tarehe 30 litakuwa limezama saa kumi na moja na dakika ishirini na kidogo, na ubaridi huanza dakika hiyohiyo. Kama masomo yako yanaishia saa kumi na moja, katika wiki ya mwisho utakwenda kumchukua binti yako giza likiingia, kwa hiyo sweta yake itangulie naye asubuhi kwenye mkoba, hata kama asubuhi hiyo kuna joto.